Safari ya Mbali na Mtoto Mdogo

Mama anayetoka Lubumbashi kumfuata mumewe Ubelgiji hushughulika kwanza na nguo. Nguo zaweza kungoja. Mtoto wa miaka miwili yampasa kuwa na pasiporti yake mwenyewe, tena na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kule Ubelgiji hawaiulizi. Itaulizwa siku ya kurudi, kwani Kongo huidai kwa kila msafiri aliyetimiza miezi 9. Nayo huwa halali siku 10 baada ya sindano. Anayekimbilia sindano usiku wa kuamkia safari amekwisha kuchelewa.

Humo ndegeni mtoto hulia sana wakati wa kushuka, wala si kwa utundu: hewa iliyo ndani ya sikio hailingani na ile ya nje, nalo sikio lamwuma. Basi mama amwamshe, ampe ziwa ama kikombe cha maji. Akimeza, sikio hufunguka. Walioketi jirani wakikunja uso, na waukunje.

Lililo gumu zaidi huja mwisho. Baba aliyeondoka mtoto angali mchanga ni mgeni machoni pake. Asimnyakue pale uwanjani. Achuchumae, angoje.