Je, Wajua? Kutoka Mbugangari hadi kiti cha daktari wa meno

Je, wajua kwamba kabla ya 2013 kijana wa Mbugangari, mtaa wa Rwanda ulio mpakani na mji wa Goma wa Kongo, aliyetaka kuwa daktari kamili wa meno ilimbidi asomee nje ya Rwanda? Mwaka huo Chuo Kikuu cha Rwanda kilianzisha Skuli ya Udaktari wa Meno mjini Kigali, kikishirikiana na skuli ya meno ya Harvard ya Marekani. Kozi ni ya miaka mitano. Wahitimu wa kwanza walitoka 2018.

Majirani walitangulia mbali: Nairobi ilianza 1974, Dar es Salaam 1979.

Je, wajua kwamba mwanafunzi hagusi jino la mtu kwanza? Huanza na kipande cha nta, anakichonga kwa kisu kidogo mpaka litoke gego lenye vilima na mabonde yake yote. Kisha hupewa kichwa cha sanamu chenye meno ya plastiki, atoboe na kuziba humo. Linalowatesa wengi ni kioo: meno ya juu ya nyuma hayaonekani moja kwa moja, kwa hiyo mkono hufuata picha iliyogeuzwa kiooni. Hilo halisomwi kitabuni, hufanywa tena na tena mpaka mkono uzoee.

Je, wajua kwa nini jino lililotoboka haliponi kama kidonda? Enameli, lile ganda jeupe la nje, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini seli zinazoijenga hutoweka jino linapochomoza. Hakuna fundi anayebaki ndani wa kukarabati.

Je, wajua kwamba volkano inaweza kuharibu meno? Moshi wa Nyiragongo, mlima ule ule uliolipuka Januari 2002 na Mei 2021, hubeba floridi. Mvua ikipita katika moshi huo huinyonya, na anayekinga maji ya paa huinywa. Mtoto akizidishiwa floridi wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengwa chini ya ufizi, yaani hadi kama miaka minane hivi, meno huchomoza na mabaka meupe au ya kahawia, na yakizidi hupata vishimo. Upepo huusukuma moshi huo zaidi upande wa magharibi, kwa hiyo vijiji vya magharibi mwa Goma ndivyo vinavyoumia sana. Na watoto hao hawana kosa lolote la kutopiga mswaki! Inauma kuwasikia wakiitwa wachafu.

Kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita ya maji ya kunywa. Kidogo huimarisha meno, ndiyo maana huwekwa katika dawa ya meno.

Je, wajua kuhusu "ibyinyo"? Mtoto mchanga akipata homa au kuhara, wapo wanaoona uvimbe mweupe kwenye ufizi na kuamini kwamba ndio ugonjwa, wakaukwangua kwa chombo chenye ncha. Tanzania huyaita meno ya plastiki. Uvimbe ule ni chonge la utotoni likisubiri kutoka. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kuambukizwa, na hata jino la ukubwani lililo chini yake likaharibika, huku homa yenyewe ikiendelea bila tiba. Mzazi mwenzangu, mpeleke kituo cha afya.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Rwanda hufundisha kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa wa Mbugangari, au mama aliyevuka mpaka kutoka Goma na beseni lake la biashara, mara nyingi atajieleza kwa Kiswahili? Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Kijana aliyekulia mtaani humu ana faida kubwa hapo, maana uchunguzi huanza kwa maswali. Jino linauma ukinywa maji baridi tu, kisha linatulia papo hapo? Huenda kuziba kunatosha. Linaendelea kupwita muda mrefu baada ya chai ya moto, na usiku linakuamsha? Basi mara nyingi kiini cha ndani kimeshaharibika, na kinachobaki ni kutibu mzizi au kung'oa.