Rangi na Mpaka: Kiswahili katika Kuzipambanua Bendera za Afrika

Kuzitaja rangi za bendera si kuieleza. Mwanafunzi wa Murangi, katika Mkoa wa Mara, akiambiwa kuwa ipo bendera yenye milia mitatu iliyolazwa, mweusi juu, mwekundu katikati na wa kijani chini, aghalabu atajibu kuwa ni ya Kenya, kwa kuwa mkoa wake unapakana na nchi hiyo na mpaka wa Sirari si wa mbali. Lakini maelezo hayo yanafaa vilevile kwa bendera ya Malawi ya mwaka 1964 na ya Sudan Kusini. Hata mpangilio haumsaidii.

Kinachozitenga ni mipaka na alama. Milia ya Kenya hutengwa kwa kingo nyembamba nyeupe, na katikati ipo ngao yenye mikuki miwili. Sudan Kusini nayo ina kingo nyeupe, ila upande wa mlingoti pana pembetatu ya bluu yenye nyota ya manjano. Malawi haina kingo. Jua jekundu huchomoza katika mlia mweusi. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Malawi ilipandisha mlia mwekundu juu, ikaushusha mweusi katikati na kuweka jua jeupe lililokamilika, kisha ikarejea bendera yake ya awali. Mwalimu aliyekuwa na chati ya mwaka 2011 alifundisha bendera ambayo haikudumu.

Sarufi nayo ina neno lake hapa. Vivumishi vya rangi vya asili katika Kiswahili ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu, navyo huchukua kiambishi cha ngeli. Rangi nyingine huazima majina ya vitu: kijani ni ya jani, manjano ni ya bizari, samawati ni ya mbingu. Bendera ya Kenya, basi, husemeka karibu yote kwa vivumishi hivyo vya asili. Ile ya Tanzania inabakiwa na mweusi peke yake. Na rangi yake ya nne wengine huiita samawati, wengine buluu, na watoto wa shule wengi bluu.

Bendera hiyo ya Tanzania ina mkanda mweusi wa mshazari wenye kingo za manjano. Neno mshazari pekee halitoshi, kwani Namibia nayo ina mkanda wa mshazari, na mikanda yote miwili hupanda kutoka pembe ya chini ya upande wa mlingoti. Ni lazima isemwe kuwa kwa Tanzania kijani kiko juu na bluu chini, na kwa Namibia ni kinyume. Tena mkanda wa Namibia ni mwekundu wenye kingo nyeupe, na juu yake, upande wa mlingoti, lipo jua.

Shuleni hufundishwa kuwa kijani ni ardhi na mimea, manjano ni madini, weusi ni watu, na bluu ni maji. Kwa mtoto aliyelelewa jirani na Ziwa Viktoria maelezo hayo yanaingia bila taabu. Hata hivyo, yanaficha jambo zito. Bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilikuwa ya kijani, nyeusi na kijani, yenye mistari ya manjano; bluu haikuwamo. Bluu ilitoka Zanzibar, katika bendera ya bluu, nyeusi na kijani iliyopandishwa Januari 1964 baada ya Mapinduzi, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ndio uliozikutanisha. Mwanafunzi anayejua maji tu ameijua nusu ya rangi hiyo.

Zanzibar ilizirejea rangi hizo tatu mwaka 2005, ikaweka bendera ya Muungano, kwa umbo dogo, katika pembe ya juu ya upande wa mlingoti.