Je, Wajua? Samaki wa Bahari Anapopandishwa Uyole

Je, wajua kwamba mfuko wa samaki uliofungwa vizuri Dar es Salaam hufika Uyole umevimba? Uyole iko katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri gari linavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua. Oksijeni iliyotosha nafasi ya lita 1 pwani hutaka karibu lita 1 na robo ikishapita Kitonga na Makambako. Kwa hiyo mfuko wa kuja huku usijazwe hadi ukakaza, na uvikwe mfuko wa pili.

Maji nayo hubadilika. Kwa joto lile lile, maji ya Uyole hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Pampu ya hewa iwe inafanya kazi katika tangi la karantini, yaani la kumtenga samaki mgeni, kabla hajaingia.

Je, wajua kwamba saa ya hatari zaidi ni ile ya kufungua mfuko? Njiani samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Lakini pia hupumua hewa ya ukaa, ambayo huyafanya maji yawe na uchachu, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya amonia hugeuka kuwa aina isiyomdhuru sana. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa hutoroka, uchachu hupungua, na amonia hurudia ukali wake papo hapo. Hivyo kumdondoshea maji mapya tone kwa tone kwa saa nzima, desturi inayosifiwa sana, ni kumtesa samaki aliyesafiri zaidi ya kilomita 800. Inafaa kwa aliyetoka mtaa wa pili.

Njia iliyo salama ni hii: elesha mfuko ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ukifungua, pima chumvi ya maji yake mara moja, rekebisha tangi lifanane nayo, kisha mhamishe bila kuchelewa. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie tangini. Na chumvi ya kupikia haitengenezi bahari: kilo 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na ndani yake mna magnesi, kalisi na potasi ambazo pakiti ya dukani haikupi kwa kiasi kinachotakiwa.

Unapomhamisha samaki, weka wavu pembeni. Kitatange ana mwiba kwenye shavu unaonasa nyuzi, na kangaja ana kisu kila upande wa shina la mkia. Ukimvuta kwa nguvu unamchubua, na kidonda ni mlango wa maradhi. Zamisha bakuli la plastiki, mwongoze aingie mwenyewe, taa zikiwa hafifu.

Usiku wa Juni na Julai baridi ya Uyole hushuka chini ya nyuzi 10, ilhali samaki wa matumbawe anataka karibu 26. Tangi dogo hupoa upesi. Umeme ukikatika, lifunike blanketi.

Kwa nini karantini? Nyanda hizi zina ushahidi mchungu wa jinsi ugonjwa unavyoweza kuangamiza viumbe. Vyura wa Kihansi, walioishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa, walipungukiwa manyunyu baada ya bwawa la umeme kujengwa. Mwaka 2003 ugonjwa wa kuvu uligunduliwa kati yao, idadi yao ikaporomoka, na mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Kizazi kilisalia kwa sababu karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000.

Kwa samaki wa bahari, adui mkubwa ni kimelea cha madoa meupe. Hukaa mwilini siku chache, hudondoka chini ya tangi, hujifungia kwenye ganda, kisha hutoa watoto kwa mamia. Hapo ndipo penye hila ninayoipenda kuliko dawa zote: kila baada ya siku 3, samaki huhamishiwa tangi safi lililokauka na kujazwa maji mapya, mara 4 mfululizo. Vimelea vinaachwa nyuma kabla havijaanguliwa. Tangi lililoachwa, bakuli na mipira ya hewa vioshwe na kuanikwa hadi vikauke kabisa, maana kimelea hiki hakivumilii ukavu.