Maitemu: usikariri herufi

Wadogo zetu wa ITM, juri ya kitaifa ikikaribia mafotokopi ya maswali ya zamani yanazunguka, majibu tayari yamewekwa pembeni: 1-b, 2-d, 3-a. Mtu anakariri herufi. Namba zikibadilika, amekwama. Na hata akipita, kesho anaweza kutumwa kituo cha afya kule Mitwaba, usiku yuko peke yake na mtoto mgonjwa. Serumu ikienda mbio, maji yanaweza kujaa mapafuni.

Miye niko muagronome, lakini hesabu ya matone ni ndugu ya hesabu ya dawa kwenye pompi ya shamba. Ona hii: serumu mililita 1000, iingie kwa saa 8, mililita 1 ni matone 20. Matone mangapi kwa dakika? a) 2, b) 42, c) 125, d) 2500.

Jibu njo 42: 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480. Sasa angalia yale mengine, maana utajiri uko pale. 2 ni mililita kwa dakika, umesahau matone. 125 ni mililita kwa saa. 2500 ni matone, lakini kwa saa. Kila jibu baya linakuonyesha hatua uliyoruka.

Kwa hiyo funika majibu, piga hesabu, halafu mueleze mwenzako kila kosa limetoka wapi. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke kule Marekani walipima wanafunzi: baada ya dakika 5, waliosoma tena na tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 61, wale wengine 40. Anzeni mapema basi, si usiku wa mwisho.