Tarakilishi Ikikataa Sasisho, Tusimsake Mchawi

Katika shule zetu, chombo cha umma kinapoharibika, swali la kwanza aghalabu huwa si kimeharibikaje, bali ni nani aliyekiharibu. Nimeliwaza jambo hili tangu muhula wa pili wa mwaka 2023, nilipoabiri matatu kutoka Kitale, nikapitia Kiminini na Webuye hadi Bungoma, kwa mwaliko wa mwalimu mwenzangu anayefunza somo la kompyuta katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja.

Kisa kilikuwa hiki. Tarakilishi ishirini za maabara yake, zote zikiendeshwa na Windows 10, zilikuwa zimekataa masasisho kwa miezi kadhaa. Kila zilipojaribiwa zilihangaika kwa dakika chache, kisha zikatangaza kwamba zimeshindwa. Fundi aliitwa, akabonyeza papo hapo walipobonyeza wengine, akalipwa, akaenda zake. Hatimaye mchawi akapatikana: mvulana wa kidato cha nne aliyeonekana akichomeka flashi yake bila idhini. Mama yake akaitwa shuleni na kutakiwa kulipa gharama ya fundi. Kijana naye akapigwa marufuku kukanyaga maabara, ilhali mradi wake wa mtihani wa KCSE ulikuwa humo, haujafika nusu.

Nilimsihi mwenzangu tusibonyeze chochote kwanza.

"Mwalimu, imeandika nini hasa?"

"Imeandika kwamba imeshindwa."

"Na chini ya maneno hayo?"

Chini yake palikuwa na nambari: 0x80072F8F. Hakuna aliyekuwa ameinakili. Walioiona waliidhania kuwa takataka za kimashine, mithili ya maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti ya dawa. Waama, nambari hiyo ndiyo dawa yenyewe. Maana yake ni kwamba tarakilishi imeshindwa kuafikiana kwa usalama na mitambo inayotoa masasisho, na sababu mojawapo inayojulikana sana ni saa iliyopotea. Nikatazama pembeni mwa kiwambo. Kwa mujibu wa tarakilishi ile, tulikuwa katika mwezi wa Januari mwaka 2012. Kila mtu alikuwa ameiona tarehe hiyo; hakuna aliyedhani ina neno.

Hebu tulieleze jambo hili polepole, maana mwanafunzi akilielewa hatalisahau. Ndani ya tarakilishi mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ya aina ya CR2032 na yenye nguvu ya volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Betri hiyo huchakaa kwa miaka. Katika maabara ile swichi kuu ilizimwa kila jioni, basi kila usiku saa ilikufa na kila asubuhi ikafufukia zamani. Sasa, mitambo ya masasisho hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Tarakilishi inayoishi mwaka 2012 ikionyeshwa cheti kilichotolewa mwaka 2023, huona ni cheti kisichoanza kutumika bado, nayo hukikataa. Haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa ikifanya kama mlinzi mwaminifu afanyavyo langoni.

Tulisahihisha saa kwa mkono katika tarakilishi moja, tukajaribu tena, ikaanza kupakua. Mwenzangu akanyamaza kitambo.

Kumi na nne kati ya zile ishirini zilikuwa na ugonjwa huo mmoja. Zilizosalia zilikuwa na yake kila moja. Tatu ziliandika 0x80070070, yaani diski haina nafasi. Zilikuwa zimejaa filamu, na si za wanafunzi. Mbili zilikatikiwa na umeme katikati ya upakuaji, zikabaki na vipande vibovu ambavyo zilivirudia kila mara. Hapo tuliisimamisha huduma ya masasisho, tukaibadilisha jina folda ya SoftwareDistribution, tukaiwasha huduma upya ili ipakue tangu mwanzo. Ya mwisho tuliijaribu kwa amri ya DISM, kisha sfc /scannow, ambazo hukagua na kutengeneza mafaili ya mfumo wenyewe. Haikukubali. Tukahifadhi kazi za wanafunzi kando, tukaifuta na kuisakinisha upya.

Nawasikia walimu wenzangu wakisema: Mbona usumbufu wote huu? Si tuyazime masasisho, tuokoe na bando? Hoja ya bando ina uzito. Lakini yumkini faili la sasisho kupakuliwa mara moja mjini Kitale kutoka katika hifadhi ya Microsoft, likabebwa kwa flashi hadi Bungoma. Na tarakilishi za maabara moja zinaweza kugawiana kilichopakuliwa na mojawapo. Ama kuyazima kabisa, la hasha. Mnamo Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa fulani. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, kirusi cha WannaCry kikapenya katika ufa ule ule na kufunga mafaili ya watu duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo. Waliokuwa wamelisakinisha sasisho hilo walikuwa na kinga.

Haki iseme pia kwamba mara nyingine kosa si la mtumiaji wala la mashine. Sasisho moja la Windows 10 la Januari 2024 liligoma kwa watu wengi likiandika 0x80070643, kwa kuwa lilihitaji nafasi ya megabaiti 250 katika sehemu ya diski ambayo watumiaji wengi hawakujua kwamba ipo. Hata ungebonyeza hadi kucha, lisingeingia. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 yenyewe imefikia kikomo cha masasisho yake ya kawaida, na tarakilishi kuukuu zisizo na kijenzi cha TPM 2.0 hazitimizi masharti ya Windows 11. Hizo, kwa maoni yangu, zihamishiwe kwenye Linux badala ya kuachwa wazi.

Nirudi Bungoma. Siku ya pili tulinunua betri mjini, nami nikaomba yule kijana aitwe. Mwenzangu alimkabidhi bisibisi mbele ya darasa, akamwambia, "Kijana wangu, tulikukosea." Alibadilisha betri kumi na nne kwa mkono wake, na kila saa akaisahihisha kwa uangalifu wa mtu anayejua anatazamwa. Alipomaliza alinifuata mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na ile nauli mama aliyokopa kuja hapa?"

Swali hilo nililipeleka kwa mwalimu mkuu kabla sijaabiri matatu ya kurudi Kitale.