Kifurushi Kikifika Kimevunjika

Liko neno ambalo wengi wetu hulitamka kwa simu kabla hata hatujamaliza kukata kamba ya boksi: "Kimefika salama, alhamdulillah." Bibi aliyeketi barazani Mkunya, wilayani Newala, akingoja habari za chungu alichokifinyanga kwa mikono yake na kumpelekea mjukuu wake Dar es Salaam, hulisikia neno hilo akashukuru. Huku mjini chungu kimelala vipande vitatu juu ya jamvi, na mjukuu anawaza pa kuvitupa ili siku bibi akija kutembea asiulize. Nia ya mjukuu ni njema, kwani nani apendaye kumvunja moyo mzee? Lakini kwa adabu hiyo mfungaji hapati kujua kwamba alifunga vibaya, mchukuzi haulizwi kitu, na chungu cha pili husafiri kama kilivyosafiri cha kwanza.

Makala hii inahusu vitu vidogo ambavyo familia zetu huvitengeneza kwa mapenzi yao, si kwa ajili ya riziki ya kila siku. Korosho zikishauzwa, kazi za shamba zikipungua, mikono ya watu wa Uwanda wa Makonde hairidhiki kukaa bure. Huyu anadarizi kofia, yule anasuka ukili, mwingine anachonga marfaa ya kuwekea msahafu au bakora ya mpingo ya kumtunza mjomba wake. Navyo vifaa vya kazi hizo huja kwa njia ile ile kutoka mjini: nyuzi, shanga, sindano, rangi za ukili, pengine cherehani ya mkono iliyonunuliwa Kariakoo kwa akiba ya miezi mingi. Kwa macho ya karani wa mizigo hivyo vyote ni "boksi dogo". Kwa aliyedarizi, ndani ya boksi hilo mna majuma ya usiku wake.

Tuifuate safari ya boksi hilo. Kutoka Mkunya hupanda bodaboda hadi standi ya Newala. Hapo hutiwa katika buti la basi linalokwenda Masasi au Mtwara, na mara nyingi hushushwa na kupakiwa upya kabla ya kuelekea Lindi, Kilwa na Dar es Salaam. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kilomita 50 za mwanzo, kutoka Mtwara hadi Mnivata, ndizo zilizotangulia kupata lami. Zile 160 zilizosalia zilibaki miaka mingi za vumbi na mchanga. Wazee wanaokumbuka kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, watasema siku hizi ni raha tupu. Ni kweli, ila raha hiyo ina siku zake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, mvua ziliikata barabara kuu ya kusini wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama. Mzigo uliokuwa umefungwa kwa gazeti na kamba ya katani katika siku kama hizo haukuhitaji kuangushwa ili uharibike.

Hata hivyo, si haki kuitwika barabara lawama zote. Kinachovunja zaidi ni kule kushusha na kupakia, na vitu vinavyowekwa jirani. Boksi la kofia lililokaa chini ya gunia la mihogo mikavu litabonyea, na kofia iliyotiwa wanga ikaumbuka. Dumu la asali lisilofungwa sawasawa likivuja juu ya nyuzi nyeupe, hakuna sabuni itakayozirudisha weupe wake. Mkeka wa ukili uliotiwa rangi nyekundu na zambarau ukilowa ukiwa umekunjwa, rangi huhama kutoka mstari hadi mstari, na kazi yote ikaonekana kama imepakwa matope. Na harufu ya dagaa, ndugu msomaji, haihitaji hata tundu la kupitia.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza umo mikononi mwa anayefunga. Chungu hakivunjwi na pigo la nje peke yake. Huvunjika kwa kuwa ndani ni kitupu na nje kinagusana na ubavu wa boksi. Kijazwe ndani matambaa au majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa, kizungushiwe kitenge chakavu, kisha kiketi katikati ya boksi lililotandikwa makapi ya mpunga unene wa kiganja kila upande. Ukilitikisa boksi na kusikia kitu kinacheza, fungua uanze upya. Vyungu viwili visigusane hata kidogo, na kidogo kisitiwe ndani ya kikubwa bila kitambaa kati yao. Maneno "Angalia, kinavunjika" yaandikwe kwa herufi kubwa pande zote, lakini mtu asiyategemee: gizani, katika buti la basi, hayasomeki.

Kofia ipewe umbo. Itiwe ndani yake kitambaa kilichokunjwa kikajaa sawasawa, ifungwe kwa karatasi safi isiyo ya gazeti, kwa sababu wino wa gazeti huhamia kwenye kitambaa cheupe, kisha iwekwe katika kopo gumu lenye mfuniko. Mkeka uviringishwe badala ya kukunjwa, na ufungwe kwa nailoni isiyopitisha maji. Marfaa, ambayo fundi huipasua kutoka ubao mmoja ili mikono yake ifumbane, huvunjika pale pale penye maungio. Basi isafiri ikiwa imefungwa, imekazwa kwa kamba laini, na kitambaa kati ya mbawa zake. Mpingo nao una tabia yake: usipokaushwa vizuri hupasuka wenyewe ukihamishwa kutoka penye unyevu hadi penye joto kavu au kiyoyozi. Mpokeaji aujue ufa wa namna hiyo, asije akamdai kondakta kosa la mti. Cherehani ivuliwe kichwa kutoka kwenye kitako chake cha mbao, kigingi cha uzi kichomolewe, na gurudumu lizungushiwe matambaa, maana hayo mawili ndiyo hutangulia kuvunjika.

Sasa tuseme mzigo umefungwa vizuri na bado umefika umeharibika. Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Mwandishi aliwahi kuitwa katika ofisi moja ya mizigo, ambayo hapana haja ya kuitaja, kuchukua boksi la nyuzi za kudarizi. Upande mmoja lilikuwa limelowa. Karani alitaka sahihi kwanza, kufungua baadaye, na nyuma palikuwa na foleni ya watu wanaonung'unika. Baada ya mabishano ya karibu nusu saa ilikubaliwa yaandikwe maneno matatu kando ya sahihi: "limepokewa likiwa limelowa". Maneno hayo tu ndiyo yaliyofanya mazungumzo ya juma lililofuata yawezekane, na mwisho wake ikalipwa nusu ya bei ya nyuzi. Anayetia sahihi bila neno lolote amekiri kwamba amepokea kitu kizima, na akirudi kesho yake atakuwa akijipinga mwenyewe.

Basi fungua mbele ya karani. Piga picha ya boksi kabla ya kulikata, picha ya jinsi kitu kilivyolala ndani, na picha ya sehemu iliyoharibika. Usitupe boksi wala makapi. Ndiyo ushahidi kwamba mfungaji alitimiza wajibu wake. Mpigie mtumaji papo hapo, kwa kuwa stakabadhi ya kusafirishia iko kwake, na aliyelipa nauli ya mzigo ndiye mwenye mkataba na mchukuzi. Katika stakabadhi hiyo pawe pameandikwa kilichomo na thamani yake. Wengi wetu huandika "nguo" ili mambo yaishe haraka, kisha tukashangaa tunapotaka fidia ya cherehani.

Ni nani alipe? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aiangalie kama mtu wa kawaida mwenye busara angaliyoangalia mali yake mwenyewe ya namna hiyo. Asipofanya hivyo, anawajibika. Zipo stakabadhi zilizochapwa nyuma, kwa herufi ndogo, kwamba mzigo unasafiri kwa hasara ya mwenyewe. Isome kabla ya kulipa, na ukiweza tafuta mwenye masharti bora. Lalamiko lianze kwa maandishi kwa msafirishaji mwenyewe. Asipojibu, leseni za usafirishaji wa vifurushi hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na mabasi yapo chini ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Zote mbili hupokea malalamiko ya watumiaji.

Kwa upande wa fiqhi, suala hili si geni hata kidogo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kuwa mchukuzi wa malipo ana mkono wa amana: halipi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mpaka. Maulamaa wengine wamekuwa wakali zaidi kwa mafundi na wachukuzi wanaohudumia watu wote, na imepokewa kuwa Imam Ali (Mwenyezi Mungu amridhie) aliwatoza mafundi dhamana ili mali za watu zisipotee ovyo. Penye ugomvi mkubwa, aulizwe sheikh mwenye elimu. Lakini kutupa boksi kutoka juu ya basi ni uzembe kwa kauli zote.

Panapo biashara ndani yake mambo hubadilika kidogo. Dada aliyeko Newala akimuuzia kofia mteja wa Dar es Salaam, hasara ya njiani ni ya nani? Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kumkabidhi mchukuzi kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi, madhali muuzaji amefanya mapatano ya busara na mchukuzi huyo. Mashafi wao husema kitu kilichouzwa kimo katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akishike. Kauli hizi mbili hazielekei upande mmoja, na ndiyo maana inafaa wawili hao wakubaliane kabla, kwa ujumbe wa simu unaobaki, kwamba hasara ikitokea itabebwa na nani. Wasipokubaliana, huishia kunyamaziana.

Na kofia iliyopata doa ikishatengenezwa, isiuzwe kama mpya. Wasomaji wanakijua kisa cha Mtume (rehema na amani zimshukie) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kumelowa kwa mvua. Akamuuliza mwenye nacho kwa nini hakukiweka juu watu wakione. Aliyenyeshewa mali hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuificha.

Turudi kwa bibi na chungu chake. Asiambiwe kwa ukali, wala asitumiwe picha ya vigae bila neno. Aanze mjukuu kwa salamu na shukrani, kisha aseme: "Bibi, chungu kimefika lakini njiani kimeumia, kimepasuka upande wa chini, pale kilipogusa boksi." Mzee ataguna, pengine ataapa kwamba hatumi tena. Baada ya siku mbili atauliza mwenyewe: kilipasuka wapi hasa? Hilo ni swali la fundi, na jibu lake ndilo litakaloamua makapi yazidishwe upande upi.

Si kila kilichoharibika kimekufa, vilevile. Chungu chenye ufa mwembamba hakitaki tena maji wala moto, lakini mche wa mrehani utakaa humo vizuri. Ufa wa mpingo huzibwa na wachongaji kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mpingo huo huo, kisha wakasugua mpaka usionekane. Kofia iliyobonyea huloweshwa, hutiwa wanga upya na kukaushwa juu ya bakuli lililofudikizwa. Nyuzi za rangi zijaribiwe kwanza kwa tone la maji upande wa ndani. Kazi hizo zinataka muda, kwa hiyo anayekusudia kofia ivaliwe kwenye sala ya Idi aifikishe standi ya Newala majuma mawili kabla, isiwe ile siku mabasi yamejaa abiria na mizigo inapandishwa juu ya mizigo.