Samaki sebuleni, utulivu moyoni

Mjini Singida, aliyechoka akikaa kando ya Ziwa Singidani au Kindai akayatazama maji, hurudi nyumbani mwepesi. Tangi la kioo lenye samaki wa mapambo huleta utulivu huo sebuleni.

Mwaka 2015, watafiti wa vyuo vikuu vya Plymouth na Exeter, Uingereza, walieleza kuwa watu waliotazama samaki kwenye tangi kubwa la maonyesho walipungua mapigo ya moyo na presha.

Mzazi, mpe mtoto kazi ya kulisha, kidogo tu. Chakula kikizidi huchafua maji. Usichote maji ya Singidani, yana chumvi. Ya bomba yaache wazi siku nzima, klorini ipungue.

Huzuni ikidumu wiki mbili, samaki hawatoshi: nenda kituo cha afya.